Aliyeonja Kwanza

"Simjui," alisema mlinzi.

Aikande aliacha kufunga mrija, akaitazama ile spika ndogo ukutani kama mtu aliyejibiwa jeuri na mtoto wa jirani. Tangu awekewe mlinzi tumboni, hakuwahi kumsikia akikiri kwamba kuna asichokijua. Mjuaji huyo! Asubuhi humwambia maji yametoka kiasi gani, mchana humkumbusha kunawa mikono, na akizidisha chumvi kidogo tu kwenye mtori, atasemwa mpaka ajute. Leo mjuaji kakwama.

"Humjui nani?"

"Kuna bakteria kwenye maji yako. Nimemnusa. Simjui. Nimewaarifu watu wa Kituo cha figo mjini."

Aikande aliuchukua mfuko wa maji yaliyotoka tumboni asubuhi ile, akaupeleka dirishani. Kila siku hufanya hivyo: huuweka mbele ya kalenda ya usharika, na maji yakiwa salama, tarehe husomeka vizuri upande wa pili. Leo hakuona tarehe wala picha ya kanisa. Maji yalikuwa meupe-meupe, kama yaliyooshewa mchele. Ndipo akakubali kwamba yale maumivu ya chini ya kitovu, aliyoyasingizia maharage ya jana, yalikuwa na jambo lake.

Figo zake zilikuwa zimekufa zamani. Miaka ya nyuma, mtu wa figo kama zake alifungashwa mjini, akalazwa kando ya mashine inayotoa damu mwilini na kuirudisha, mara tatu kwa wiki, maisha yake yote. Yeye alibaki kwake Machame. Alifunga mfuko wa maji safi kwenye mrija uliotokeza ubavuni, maji yakaingia tumboni, yakakaa saa kadhaa yakivuta uchafu kutoka kwenye damu kupitia utando unaozunguka utumbo, kisha akayatoa na kuingiza mengine. Alifanya hivyo huku akichambua ulezi, huku akigombana na kuku. Mlinzi alikuwa kijidude kisichozidi punje ya ulezi, kimekaa kwenye ncha ya mrija huko ndani, na kazi yake ilikuwa kunusa maji hayo na kumwahi mdudu yeyote kabla hajazaana.

Na aliiweza. Miaka michache nyuma aliwahi kusema, "Namjua. Ameshapita kwa mwingine," akatoa tone la dawa, na kabla Aikande hajamaliza kuogopa mambo yalikuwa yamekwisha. Baadaye daktari alimweleza kwamba yule alikuwa bakteria adimu mno, wa kwenye udongo, na kwamba asingekuwa anajulikana wangekuwa wanazungumza mengine. Mtu mmoja tu kabla yake aliwahi kumpata. Jina lake halitolewi. Tangu siku hiyo Aikande hakuwahi kulala bila kumtaja kwenye sala: mbariki yule aliyetangulia, popote alipo. Watoto wake wa kuwazaa mwenyewe aliwataja baada ya huyo.

* * *

Nesi Mbonea alipanda kutoka barabara kuu kwa pikipiki ya umeme, ukungu wa Julai ukiwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alikuwa Mpare wa Usangi, na kwa kuwa Wapare na Wachaga ni watani, hawakuwahi kusalimiana kwa amani.

"Nimeshtakiwa na nani safari hii?" Aikande alimuuliza mlangoni. "Maana Mpare hapandi mlima bila kesi."

"Na mlinzi wako, mama. Hukumu ni leo leo." Mbonea alivaa glavu, akachukua maji kidogo kwa sindano, akambonyeza tumbo taratibu. Aikande akauma midomo. Mbonea akaacha kutabasamu. "Mifuko yako unaipasha wapi?"

Maji ya tumbo hayaingizwi yakiwa baridi. Anayethubutu hutetemeka mpaka meno yagongane. Kila mgonjwa alipewa blanketi la kupashia linalotumia umeme wa jua. Lakini jua gani, Machame, mwezi wa saba? Blanketi la Aikande lilikuwa limekunjwa chini ya kiti, na paka amejifungulia humo.

"Njoo uone," alisema, na kwa kweli alisema kwa maringo.

Akampeleka kwenye kibanda cha pombe. Upande mmoja lilikuwapo pipa la mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ikitoa povu. Upande wa pili, chini ya majani ya migomba, ulezi uliolowekwa ulikuwa ukichipua uwe kimea cha kuchachushia mbege nyingine. Mpika pombe yeyote anajua kwamba kimea kikichipua kinatoa joto; ingiza mkono, utadhani umeshika ubavu wa ng'ombe. Aikande akafunua majani. Katikati ya kimea mifuko miwili ya maji ya tumbo ilikuwa imelala, imefunikwa mpaka shingoni.

"Haihitaji jua, haihitaji umeme," alisema. "Na joto lake halizidi wala halipungui. Nyie na elimu yenu yote hamkuliwaza hili."

Mbonea aliuinua mfuko mmoja. Vijipunje vya ulezi vilikuwa vimeganda pale mdomoni pa kuunganishia mrija.

"Mama, kimea ni kitu hai."

"Ndiyo maana kina joto!"

"Ndiyo maana kina bakteria." Hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia. "Kuna mtu mwingine umemfundisha hivi?"

Hapo maringo yote yakamtoka. Alikuwa amemfundisha Haikaeli, dada mdogo wa marehemu mume wake, anayekaa ng'ambo ya kijito na ambaye naye figo zake ziligoma mwaka juzi. Alimfundisha kwa mikono yake mwenyewe, akamchagulia na majani ya kufunikia. Na Haikaeli, Mungu ampe uzima, hajawahi kukaa na jambo zuri peke yake. Kila mwenye mrija tumboni upande ule wa mlima alikuwa ameshapata habari za kimea.

* * *

Daktari Kwilasa alizungumza nao kupitia spika ile ile ya ukutani. Alikuwa mama wa Kigogo, mpole, mwenye tabia ya kuvuta pumzi kabla ya neno gumu, na leo alikuwa akizivuta nyingi.

"Sheria hainiruhusu kukuomba kitu, mama, wala kukushauri," alianza. "Naruhusiwa kukueleza tu. Ukinisikia nimeanza kuomba, Mbonea aizime hii spika."

"Haya, nieleze."

"Mbonea amekuja na dawa kali. Inafyeka kila bakteria, anayejulikana na asiyejulikana. Tumewahi, kwa sababu mlinzi kamnusa mapema na wewe unatazama kalenda yako. Akikuwekea sasa hivi, naamini utapona, na utando wako wa tumbo utabaki mzima. Utaendelea kukaa kwako kama zamani."

"Basi aweke."

"Subiri nimalize." Pumzi. "Dawa hiyo ikiingia, mdudu anakufa kabla mlinzi hajamsoma. Na hatuwezi kumsoma maabara, maana wa aina hii hawaoti kwenye vichupa vyetu. Mlinzi hujifunza kwa kutazama mdudu anavyopambana na mwili, homa ikiwa juu. Akishamsoma, walinzi wote nchini wanamjua dakika hiyo hiyo. Kisha atakutolea dawa inayomlenga huyo tu."

"Na Haikaeli? Mpeni hiyo dawa kali mapema, kabla hajaumwa."

"Haitamfikia. Kwa mtu asiyeumwa bado, mdudu wa namna hii hujifunika ute ndani ya mrija, akalala wiki nyingi, hata miezi. Huamka siku mwili umechoka. Mara nyingi mlinzi asiyemjua humnusa wadudu wakishakuwa wengi mno. Wewe ulikuwa na bahati, kanuswa mapema; mwingine atabaki na macho yake tu."

Aikande alimfikiria wifi yake, ambaye siku hizi hata wimbo kwenye tenzi haoni, anaimba kwa kukumbuka. Huyo atayatambuaje maji ya mchele?

"Nikisubiri, mimi itakuwaje?"

"Utaumwa sana. Utando utapata makovu, na utando wenye makovu hausafishi damu tena. Ukifika hapo, utahamia mjini, kwenye mashine ya damu. Na wapo wanaofia katika kusubiri, mama. Sikufichi."

Nje kuku waliparura majani. Kutoka pale aliposimama, Aikande aliliona kaburi la mume wake kati ya migomba, na masale aliyoyapanda pembeni yake. Alikuwa amemwahidi marehemu kwamba hawezi kukiacha kihamba, shamba lao la ukoo, hata kidogo. Akapatwa na hasira za ghafla, hasira za kitoto kabisa. Kwa nini yeye? Amezaa, amesomesha, amezika. Hakuna cha kupumzika?

"Mimi ningekuwekea dawa," Mbonea alisema kwa sauti ya chini. "Na ninaruhusiwa kusema, mimi si daktari. Mwili wa mtu si darasa."

"Yule wa kwangu alikubali," alisema Aikande. "Yule aliyepata mdudu wa udongo kabla yangu. Alisubiri, ndiyo mimi nikapona."

Pumzi ndefu ikasikika kwenye spika. Mbonea alitazama glavu zake.

"Hakukubali?" Aikande aliuliza.

"Hakuulizwa," alisema Daktari Kwilasa. "Siku zile walinzi walisubiri wenyewe, bila kumwambia mgonjwa. Watu waliachwa wakiugua huku mashine zinasoma. Sheria hii ilitungwa kwa ajili yao. Nasikitika, mama. Sikutaka uyajue hivi."

Aikande alikaa kitako juu ya gunia la ulezi. Miaka yote hiyo alimshukuru mtu huyo kwa zawadi, kumbe alikuwa amenyang'anywa. Aliwaza kama shukrani zake zilikuwa za uongo. Kisha akaona hapana. Aliyenyang'anywa anastahili kushukuriwa zaidi, maana hakuna hata mmoja aliyemshika mkono akamwambia asante wakati ule akigaagaa.

"Nipeni mpaka wateja wangu waondoke," alisema.

* * *

Wateja wenyewe walikuwa wazee wawili wa usharika, waliokuja kila Jumamosi wakasema wamepita tu. Walikaa kwenye benchi, wakauliza habari za tumbo kwa adabu, wakaliangalia pipa kwa tamaa.

Aikande aliinuka, tumbo likimkata, akachota mbege kwa kata. Kwao mpika pombe hampi mgeni kata kabla hajainywa yeye kwanza. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake, na hakuna aliyewahi kueleza sababu kwa kuwa kila mtu anaijua: kama kuna ubaya ndani yake, umpate aliyeipika. Tangu figo zife alikuwa analowesha ulimi tu, lakini hajawahi kuruka.

Akalowesha ulimi. Akawapa kata wazee. Akasimama pale na ladha ya mbege mdomoni, akaona kwamba mambo yalikuwa yameshaamuliwa, na huenda yaliamuliwa na wanawake waliokufa zamani.

Alirudi ndani. "Daktari, upo?"

"Nipo."

"Kimea ni changu. Wazo la kutia mifuko humo ni langu, na nikawagawia watu nikijisifu. Siwezi kuwapa watu kitu ambacho mimi mwenyewe sijakionja. Nasubiri."

"Mama, huna deni na mtu..." alianza Mbonea.

"Si deni, mwanangu. Yule mwenzangu hakuulizwa. Mimi nimeulizwa, tena kwa heshima, na daktari anayeogopa hata kuniomba. Unajua bahati hiyo?" Akajilaza kitandani, akajifunika. "Sasa kaa hapo. Na uninyamazie habari hii, Haikaeli asijue. Akijua atalia mpaka kijito kifurike, na mimi sina nguvu ya kumbembeleza."

* * *

Aliumwa. Kuna watu husimulia maumivu kwa madaha, Aikande hakuwa mmoja wao; baadaye akiulizwa alisema tu kwamba asingependa mbwa wa adui yake ayapate. Tumbo lilikaza likawa gumu kama ubao. Homa ilipanda mpaka akamwona mume wake amekaa pembeni ya kitanda anamenya ndizi, akamwambia asichafue mkeka.

Mbonea hakuondoka. Aliyatoa maji machafu na kuingiza mengine, yaliyopashwa kwenye blanketi alilounganisha na betri ya pikipiki yake, baada ya kumhamisha paka na wanawe kwa mazungumzo marefu. Alimfuta uso. Kila baada ya muda alimuuliza, kama sheria ilivyomtaka, "Mama, tuendelee au tuache?" Na kila mara sindano ya dawa kali ilikuwa mkononi mwake, tayari. Mara moja Aikande alifungua mdomo aseme tuache. Alikuwa ameshafika kwenye neno lenyewe.

"Mlinzi," alisema badala yake. "Umefikia wapi?"

"Bado. Lakini namwona vizuri zaidi."

"Fanya haraka, we mjuaji. Usinitie aibu."

Ukungu uliinuka, ukashuka, ukainuka tena. Kengele ya kanisa ya ibada ya asubuhi ilikuwa ikilia pale mlinzi aliposema, kwa sauti yake ile ile isiyo na furaha wala huzuni:

"Nimemjua."

Tone la dawa likatoka kwenye ncha ya mrija, dawa ya kumlenga mdudu yule mmoja na si mwingine. Mbonea aliuweka ule mkono wenye sindano mapajani, akainamisha kichwa, akalia bila kujificha. Aikande alinyoosha mkono, akamshika sikio kama anavyoshikwa mtoto.

"Asante, Mpare," alisema. "Asante, baba. Kesi imekwisha."

* * *

Alipona, ila utando haukupona. Daktari Kwilasa alipima mara moja, akapima tena akitumaini amekosea, kisha akavuta pumzi yake. Kabla ya mvua za vuli Aikande alikuwa amepangiwa chumba mjini kwa mwanawe, na kitanda kando ya mashine ya damu pale Kituoni, ambako Mbonea alikuwa na zamu.

Kulikuwa na siku alizolia. Aliikosa harufu ya kibanda, aliwakosa hata kuku wale wapumbavu. Lakini alikuwa hai, damu yake ikiingia na kutoka mbele ya macho yake, na alijua ni nani wa kumshukuru. Kilichomuuma zaidi ni Haikaeli, ambaye alisema kanisani, mbele za watu, kwamba wifi yake amekitelekeza kihamba cha kaka yake akafuata umeme wa mjini. Aikande aliposimuliwa aliuliza tu habari za kuku.

Desemba, watu walipoanza kurudi mlimani kwa sikukuu, Haikaeli aliingia wodini bila hodi, na kibuyu kwapani. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaangalia mirija ya damu, akageuza uso.

"Nimekuja kugombana nawe, wifi," alisema, "lakini nimepatwa na jambo njiani. Si njiani, juzi. Mlinzi wangu amesema."

Aikande alijikaza. "Amesemaje?"

"Kasema, 'Namjua. Ameshapita kwa mwingine.' Hivyo tu! Kabla sijasikia hata kuumwa. Akatoa dawa, kwisha. Nimempigia daktari, kaniambia ni mdudu mgeni kabisa wa kwenye ulezi, alikuwa amelala kwenye mrija wangu tangu siku zile za kimea. Kaniambia angeamka bila kujulikana, nisingeiona Krismasi." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga. "Yupo mtu mmoja tu aliyempata kabla yangu. Akakubali kuumwa ili ajulikane. Wifi, mtu kama huyo anatoka wapi? Hanijui, simjui. Usiku nimepiga magoti, nikasema, Bwana, mbariki yule aliyetangulia, popote alipo."

"Amina," alisema Aikande.

Alilisema kwa pupa mno, kabla mwenzake hajamaliza vizuri, na sauti ikamkatika katikati. Akageukia upande wa mashine kana kwamba kuna kitu cha kutazama pale.

Macho ya Haikaeli hayakuona vizuri, lakini hajawahi kuwa mjinga. Aliiangalia mirija. Aliliangalia tumbo la wifi yake, lililokuwa halina mrija tena.

"Ilikuwa Julai," alisema polepole. "Wiki ile uliyosema umekula maharage."

"Maharage yalikuwa mabaya."

"Aikande."

"Umeleta nini kwenye kibuyu?" aliuliza Aikande. "Au umekuja mikono mitupu kama Mpare?"

"Nimesikia," alisema Mbonea kutoka kwenye mashine ya pili. "Anaruhusiwa funda moja, Mama Haikaeli. Nikiona la pili nawapeleka wote mahakamani." Kisha akageuka, akaanza kusafisha meza iliyokuwa safi.

Haikaeli alitoa kata kwenye mfuko wake, akamimina mbege. Ikamwagika kidogo kwenye shuka. Ilikuwa mbege aliyoipika mwenyewe, kwa kimea chake mwenyewe, na Aikande alingoja amwone akiinua kata mdomoni. Haikaeli hakuinua. Alipiga goti sakafuni, yeye mwenye nyumba yake na wajukuu wake, akamnyooshea wifi yake kata iliyojaa.

"Hujaionja," alisema Aikande.

"Hii umeshaionja wewe," alisema Haikaeli.

Aikande akaipokea kata kwa mikono miwili, akanywa funda moja.